Vitreni vya kale: namna ya kuvitambua na kuvitia thamani kabla ya kuviuza au kuvigawa

Nimekuwa nikinunua na kuuza vitu vya kale kwa miaka mingi, kwanza Uingereza na sasa hapa Mombasa. Nimepitisha mikononi saa, sarafu, vyombo vya shaba na masanduku ya njumu. Katika vyote hivyo, sijaona mali inayodharauliwa na wenyewe kama vitreni vya kuchezea. Mtu akifariki, warithi huhesabu nyumba, shamba na dhahabu. Lile sanduku la vitreni lililo juu ya kabati hupewa watoto wachezee, au huuzwa kwa kilo kwa mtu wa vyuma vikuukuu. Na mara nyingine mrithi mmoja mwenye fununu hujitolea kulichukua: "Nipeni mimi, hizi takataka tu."

Sanduku kama hilo hufika kwetu kwa njia mbili. Ya kwanza ni familia za waliofanya kazi reli, bandari na serikali ya mkoloni, ambao walipoondoka waliuza au waliacha vyombo vyao. Ya pili, nayo ndiyo ninayoiona zaidi siku hizi, ni ndugu zetu walioishi Ulaya na Marekani. Huko walivinunua vitreni vikuukuu kwenye masoko ya Jumapili, wakavipenda, wakavikusanya. Siku mwenyewe akiondoka duniani, masanduku yanarudi nyumbani pamoja na nguo na vitabu, na hakuna anayejua ndani mna nini.

Makala haya ni mwongozo wa kujua mna nini. Nitategemea zaidi vitreni vya Hornby vya Uingereza, kwa kuwa ndivyo ninavyovikuta mara nyingi, kisha nitagusia Märklin wa Ujerumani na Lionel wa Marekani.

Kabla ya yote, mikono chini

Hasara kubwa haitokei sokoni, hutokea nyumbani siku ya kwanza. Mtu hufungua sanduku, akaona vumbi, akakimbilia sabuni na msasa. Rangi ya asili, hata ikiwa imechakaa, ndiyo inayonunuliwa. Herufi na nambari za ubavuni mara nyingi ni chapa za kubandika, na maji ya sabuni huziondoa kabisa. Tumia brashi laini na kavu, basi. Usitie gundi, usinyooshe kilichopinda, usipake rangi.

La pili, usitupe boksi. Boksi la karatasi lililofifia, pamoja na karatasi ya maelezo iliyomo ndani, huweza kuongeza thamani ya kitreni kwa kiasi kikubwa, na kwa baadhi ya mabehewa ya kawaida boksi zuri hukaribia kuwa na bei ya behewa lenyewe. Wala usitenganishe seti. Kichwa, mabehewa, reli na ufunguo vilivyonunuliwa pamoja vibaki pamoja.

La tatu, usichomeke kitu chochote kwenye umeme. Nyaya za zamani zilifunikwa kwa mpira na kitambaa ambavyo huoza. Transfoma za Marekani ni za volti 110, na umeme wetu ni 240. Kitreni cha kwanza cha umeme cha Hornby, cha mwaka 1925, kiliendeshwa kwa umeme wa nyumba uliopunguzwa nguvu kwa kupitishwa kwenye taa. Ulikuwa mpango wa hatari hata wakati ule, na kampuni yenyewe iliuacha. Na usiwape watoto wadogo wachezee: rangi nyingi za enzi hizo zilikuwa na risasi.

Pima upana wa reli

Swali la kwanza la mjuzi yeyote ni upana wa reli. Chukua rula, pima umbali kutoka ukingo wa ndani wa reli moja hadi ukingo wa ndani wa reli ya pili. Kama reli hazipo, pima kati ya magurudumu. Vipimo vikuu ni hivi:

- Milimita 45: huitwa namba 1. Ni vikubwa na vya zamani, hasa vya Kijerumani vya mwanzo wa karne ya 20, ingawa kipimo hiki kinatumika hadi leo.
- Milimita 32: huitwa O. Ndicho kipimo cha Hornby wa bati na cha Lionel wengi.
- Milimita 16.5: huitwa OO kwa vitreni vya Kiingereza na HO kwa vya nchi nyingine. Reli ni ile ile, lakini kitreni cha OO kimepunguzwa mara 76 na cha HO mara 87, kwa hiyo cha Kiingereza huonekana kinene kidogo.
- Milimita 12: huitwa TT.
- Milimita 9: huitwa N.

Kipimo hiki peke yake hukuondolea nusu ya ubishi. Niliwahi kuletewa kitreni kilichosifiwa kuwa ni "treni ya Mombasa." Mji wetu ndio mwanzo wa reli, hilo ni kweli: kazi ilianza hapa mwaka 1896 na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Lakini reli ile ilikuwa na upana wa mita moja, na reli kuu za Uingereza zina milimita 1,435. Viwanda vikubwa vya vitreni viliiga reli za Ulaya na Marekani. Ukikuta ubavuni herufi za reli yetu, mara nyingi ama kitreni kimepakwa rangi upya, ama kimeundwa kwa mkono. Cha kuundwa kwa mkono kisidharauliwe. Usione vyaelea, vimeundwa. Kazi ya fundi stadi ina wanunuzi wake, lakini haina orodha ya bei.

Nani alikitengeneza, na lini

Kigeuze juu chini. Jina la kampuni huwa tumboni, mgongoni au kwenye mlango wa behewa.

Frank Hornby wa Liverpool alipata hataza ya vichezeo vyake vya vyuma vya kuunganisha, vilivyokuja kuitwa Meccano, mwaka 1901. Vitreni vyake vilianza kuuzwa mwaka 1920. Vya mwanzo kabisa viliungwa kwa nati na bolti kama Meccano yenyewe. Hivyo ni vya bati, vya milimita 32, na vingi ni vya kutia ufunguo kama saa. Kiwanda kilikuwa mtaa wa Binns Road, Liverpool, na jina la Meccano Ltd, Liverpool, ndilo la kutafuta.

Mwaka 1938 ilikuja aina ndogo iitwayo Hornby Dublo, ya milimita 16.5, yenye reli tatu. Iliuzwa ya umeme na ya kutia ufunguo. Ile ya ufunguo haikurudi baada ya vita, kwa hiyo ni adimu. Reli mbili za Dublo zilikuja mwaka 1959. Mwaka 1964 kampuni ilichukuliwa na wenye vitreni vya Tri-ang, na tangu 1965 maboksi yakaandikwa Tri-ang Hornby. Tangu 1972 yakaandikwa Hornby Railways. Kanuni fupi nawapa wasomaji: bati ni ya mwanzo, chuma cha kumimina na reli tatu ni ya kati, plastiki na reli mbili ni ya karibuni. Kila unaposogea karibuni, vilitengenezwa vingi zaidi na bei hushuka.

Herufi za ubavuni nazo ni kalenda. Uingereza ilikuwa na kampuni nyingi za reli, ambazo mwaka 1923 ziliunganishwa zikabaki nne kubwa: LMS, LNER, GWR na Southern. Mwaka 1948 zote zikawa za serikali, zikaitwa British Railways. Lakini tahadhari: kiwanda hakikubadilisha rangi siku ile ile. Dublo iliendelea kuuza vitreni vya LMS na wenzake hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo herufi za LMS hazithibitishi kwamba kitreni ni cha kabla ya vita.

Kinachosaidia zaidi ni karatasi. Kwenye maelezo yaliyochapwa na Meccano huwa kuna nambari ndogo chini ya ukurasa, yenye sehemu tatu. Sehemu ya katikati ni mwezi na mwaka. Ukikuta 1154, ni Novemba 1954. Hiyo ni tarehe ya karatasi, si ya kitreni, ila hukupa mahali pa kuanzia.

Märklin ilianza Göppingen, Ujerumani, mwaka 1859, na mwaka 1891 ilionyesha Leipzig seti zenye vipimo vya reli vilivyopangwa kwa namba. Vitreni vyake vidogo vilianza mwaka 1935. Vya tangu miaka ya 1950 huvitambua kwa vichuma vidogo vinavyojitokeza katikati ya reli badala ya reli ya tatu. Kinachotafutwa sana ni kile kichwa kirefu cha Uswisi chenye pua mbele na nyuma, ambacho Wajerumani hukiita Mamba.

Lionel ilianzishwa New York mwaka 1900. Wakusanyaji huigawa enzi ya kabla ya vita na ile ya 1945 hadi 1969. Mwaka 1957 ilitoa seti yenye kichwa cha rangi ya waridi kwa ajili ya wasichana. Haikununuliwa, madukani ikabaki. Leo inatafutwa, na kwa sababu hiyo hiyo imeigizwa mara nyingi.

Hali yake, na maradhi ya pwani

Wamarekani wana kipimo cha hali kutoka 1 hadi 10, kilichoenezwa na chama chao cha wakusanyaji kilichoundwa mwaka 1954. Waingereza hutumia maneno: kipya, bora, kizuri, cha wastani, kibovu. Wewe andika unachokiona: rangi imetoka wapi, kutu iko wapi, kipi kimepungua.

Kwetu pwani adui wa kwanza ni chumvi ya baharini na unyevu. Bati hula kutu kuanzia kwenye mikunjo na chini ya magurudumu. Usiweke vitreni chini ya paa la mabati wala ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa maana hutoa jasho. Mahali pake ni kabati kavu ndani ya nyumba, kimefungwa kwa karatasi nyeupe isiyo na wino, mbali na mende na panya wanaopenda maboksi.

Adui wa pili hana dawa. Vitreni vya chuma cha kumimina ni vya mchanganyiko wa zinki. Pale mchanganyiko ulipoingiwa na risasi kidogo, hasa kabla ya vita, chuma huanza kupasuka chenyewe, kikavimba, kikapinda, mwisho kikamegeka kama biskuti. Tazama magurudumu na bodi kwenye mwanga mkali. Nyufa nyembamba kama nywele ni dalili. Magurudumu huweza kubadilishwa, lakini lazima mnunuzi aambiwe. Bodi ikishaanza, hakuna fundi wa kuizuia.

Kutokwenda, kwa upande mwingine, si msiba. Springi hubadilishwa, na sumaku iliyochoka ya Dublo hutiwa nguvu tena. Wakusanyaji wengi hununua rangi na boksi kwanza, mwendo baadaye.

Vilivyopakwa upya

Palipo na bei pana ujanja. Kitreni cha kawaida kikipakwa rangi ya kampuni adimu hugeuka "adimu." Mimi hutazama mambo manne. Kwanza parafujo: mfuo uliokwaruzwa maana yake kimefunguliwa. Pili zile ndimi za bati zilizokunjwa kushika bodi: zikikunjwa mara ya pili huacha ufa. Tatu kona za ndani, ambako fundi wa pili huacha rangi ya kwanza ionekane. Nne boksi: karatasi nyeupe mno na kona kali mno, juu ya kitreni cha miaka 80, havipatani. Kitreni kilichopakwa upya si haramu kuuzwa. Haramu ni kukiuza kama cha asili.

Thamani yenyewe

Sasa bei. Mambo matatu huipanga: uadimu, hali, na watu wanaokitaka leo. Umri peke yake hautoshi.

Mfano mzuri ni kile kichwa kidogo cha Dublo chenye tangi ubavuni. Baada ya vita kilitolewa kwa rangi za kampuni zote nne: LMS nambari 6917, LNER 9596, GWR 6699 na Southern ya kijani nambari 2594, kisha British Railways 69567. Bodi ni ile ile. Lakini cha British Railways kilitengenezwa kwa wingi, na sokoni Uingereza mara nyingi huenda kwa makumi ya pauni. Cha Southern, kikiwa safi na boksi lake, huweza kufika mamia. Tofauti yote iko kwenye rangi na neno moja ubavuni, na ndiyo maana cha Southern huigizwa.

Kwa upande wa bati, mabehewa yenye matangazo ya biskuti na ya haradali ya Colman's ya miaka ya 1920 huwashinda wenzao waliofanana nao kila kitu isipokuwa tangazo. Kichwa cha Princess Elizabeth cha mwaka 1937, kikiwa na boksi lake, ni mali ya hesabu ya maelfu ya pauni. Na mwisho wa ngazi, mabehewa ya plastiki ya Tri-ang Hornby huuzwa kwa pauni chache chache. Nasema hili wazi kwa sababu kuna familia zilizogombana juu ya sanduku ambalo nauli ya kulirudisha Uingereza ingeizidi bei yake.

Usichukue bei anayoitangaza muuzaji mtandaoni. Mtu anaweza kuomba anachotaka. Tafuta bei zilizolipwa: tovuti za mnada zina sehemu ya vilivyokwisha kuuzwa, na nyumba za mnada wa vichezeo, kama Vectis ya Uingereza, huchapisha matokeo yao. Chama cha wakusanyaji wa Hornby, kilichoundwa mwaka 1969, kina wajuzi wanaoweza kukitambua kitu kwa picha.

Kisha jua ni bei gani unayoulizwa. Bei ya bima ni ya kukinunua kingine, nayo ni ya juu. Bei ya mnada ni ya katikati, na kutoka humo hutoka kamisheni ya dalali, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20, pamoja na usafiri. Bei ya mwenye duka ni ya chini, mara nyingi nusu au chini yake, kwa sababu naye ana kodi na lazima auze. Mimi mwenye duka nawaambia hivyo: nikikupa bei, ulizia na kwingine.

Ikiwa ni mirathi

Mwaka juzi niliitwa na familia moja ya hapa mjini. Marehemu aliishi Leicester, akaacha masanduku matatu. Mpwa mmoja alikuwa tayari kuyachukua yote kwa gharama ya mzigo tu. Seti kubwa ya plastiki inayong'aa, ambayo wote waliidhani ndiyo mali, ilikuwa ya bei ndogo. Ndani ya sanduku la mwisho, kwenye boksi la buluu lililochakaa, mlikuwa na kile kichwa cha Southern nilichokitaja, cha asili, parafujo hazijaguswa. Mpwa hakusema neno. Mjane, ambaye hakuwa ameulizwa chochote siku ile, ndiye aliyekumbuka kwamba marehemu hakumruhusu mtu kukigusa.

Ushauri niliowapa ndio ninaowapa nyote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kaeni pamoja, warithi wote au wawakilishi wao, fungueni masanduku mbele ya wote. Pigeni picha kila kitu, juu, ubavu na tumbo. Andikeni nambari, mtengenezaji, upana wa reli, hali na boksi. Kila mmoja apate nakala. Mthamini asiwe mrithi, wala asiwe mnunuzi. Kama mrithi mmoja anataka vibaki kwake kwa ajili ya kumbukumbu, ni jambo jema, ila vihesabiwe katika fungu lake kwa bei ya mnada baada ya kutoa gharama. Mkikosa kuelewana, kadhi yupo, na daftari lile ndilo atakaloliomba kwanza.

Na vile vya pauni chache? Hivyo msiviuze. Wekeni kimoja sebuleni, na waambieni watoto kilikuwa cha nani.